Gunia Lisilo na Shamba

Kwa misimu kadhaa nilifanya kazi ya ukarani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa korosho, upande wa Tandahimba, na kazi hiyo ilinipa nafasi ya kuwaona watu mahali ambapo shehe wao hawaoni na padri wao hafiki. Msikitini mtu huja ametawadha, kanisani huja amepiga pasi shati lake, na kote huko huja akijua kwamba anatazamwa. Kwenye mizani huja na gunia lake, na macho yake yote huwa kwenye mshale. Sijaona mahali pengine ambapo mcha Mungu na asiyemcha Mungu hufanana kiasi kile. Nina neno moja tu la kusema juu ya jambo hili, nalo ni kwamba dini zote mbili tunazozifuata huku Mtwara na Lindi zimezungumzia kipimo kwa ukali mkubwa, nasi tumeziacha kauli hizo zikae vitabuni, tukapunjana msimu mzima, kisha tukasimama safu moja kumwomba Mungu bila kuhisi kwamba kuna jambo lililoharibika baina yetu.

Kwa asiyeijua biashara hii, ni vema nieleze kwa ufupi. Korosho zikishaokotwa, zikatenganishwa na mabibo na kuanikwa, mkulima huzipeleka kwenye chama chake cha msingi, ambako hupimwa, huandikwa kwenye leja, kisha husafirishwa hadi ghala kuu na kuuzwa kwa mnada chini ya vyama vikuu, kama vile TANECU kwa watu wa Tandahimba na Newala, au RUNALI kwa wenzetu wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Utaratibu huu wa stakabadhi ghalani ulianza Mtwara katika msimu wa 2007/2008, na shabaha yake ilikuwa njema, yaani mkulima asisimame peke yake mbele ya mnunuzi mwenye fedha. Wakala wa Vipimo hukagua mizani na kuibandika stika. Hata hivyo, utaratibu uwe mzuri namna gani, mwanzo wake ni mtu mmoja kuweka gunia juu ya mizani na mtu mwingine kusoma namba kwa sauti, na katika hatua hiyo ndogo ndimo binadamu anapojificha.

Tuseme mkulima ameleta kiroba chake, na mizani imesema kilo 47.8. Karani anaandika 47. Hakuna anayegombana kwa ajili ya gramu 800. Mkulima mwenyewe amechoka, anataka kuwahi nyumbani kabla ya magharibi, na foleni iliyo nyuma yake imeanza kunung'unika. Sasa chukua wakulima 100 wa siku hiyo, na kila mmoja ameacha gramu zake 800. Hizo ni kilo 80, ambazo ni gunia kamili la katani la kusafirishia. Gunia hilo lina korosho za kweli, litauzwa mnadani kwa bei ileile, lakini halina shamba. Hakuna aliyelipalilia, hakuna aliyeamka alfajiri kulipulizia salfa wakati mikorosho inatoa maua, hakuna aliyeinama kuliokota. Wahenga waliposema kwamba haba na haba hujaza kibaba, walikuwa wakimsifu mwenye kuweka akiba, na hawakuona haja ya kuuliza kibaba hicho ni cha nani. Mimi nimefika mahali nikaona haja hiyo.

Nimeliona gunia la namna hiyo kwa macho yangu. Ilikuwa siku ya kufunga hesabu, magunia yaliyo ghalani yakahesabiwa na kulinganishwa na leja, na ghala likawa na magunia mengi kuliko maandishi. Walikuwepo wajumbe wa kamati, watu wazima, wengine wao ni viongozi wa ibada ambao ningewakabidhi wanangu bila wasiwasi wowote. Jina likapatikana upesi: ile ni ziada. Mjumbe mmoja akashauri iuzwe, fedha inunue sukari na majani ya chai ya mkutano mkuu. Mwingine, kwa moyo safi kabisa, akasema ni afadhali fedha hiyo ipelekwe madrasa, kwa kuwa paa lilikuwa linavuja. Watu wakaitikia kwa furaha, na nyuso zikakunjuka, kwa sababu kitu kilichokuwa kinatutia aibu dakika chache zilizopita kilikuwa kimegeuka sadaka. Nilipotaja kwamba majina ya wenye mali tunayo, kwa kuwa leja ilikuwa wazi mezani na kila jina lilikuwa na tarehe yake na kilo zake, nilijibiwa kwa upole kwamba kazi ya kugawa ingekuwa kubwa kuliko kitu chenyewe. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya katika chumba kile. Hilo ndilo linalonifanya niandike, kwani dhuluma ninayoihofia zaidi ni ile inayotendwa na watu wema waliokaa kikao.

Wala mkulima hayuko nje ya habari hii. Nimefungua viroba vilivyonyunyiziwa maji usiku ili vizidi uzito, nimekuta mchanga na vijiwe, nimekuta korosho za msimu uliopita zimetandikwa chini na mpya zimepangwa juu zikipendeza. Ukimwuliza mwenye kiroba, atakuambia kwamba chama kinampunja, na yeye anafidia tu. Ukimwuliza karani anayekata gramu, atakuambia kwamba wakulima wanaleta mchanga, na yeye anafidia tu. Ukiwauliza wenye magari na wapakiaji, watakuambia habari za njiani. Katika misimu yote hiyo sikumkuta hata mtu mmoja aliyeanza. Wote walikuwa wanajibu. Nadhani hapa pana siri kubwa ya tabia yetu, kwamba mwanadamu hawezi kuiba kwa raha mpaka kwanza ajihesabu kuwa ameibiwa, na akishajihesabu hivyo, hata wizi wake huuona kuwa ni mahakama.

Qurani imelieleza jambo hili kwa namna inayonishangaza kila ninapoisoma. Sura ya 83 imeanza kwa kuwatangazia ole wapunjao, na aya zinazofuata hazikumweleza mwizi wa usiku wala mnyang'anyi wa njiani. Zimemweleza mtu ambaye anapopimiwa na watu hudai atimiziwe, lakini anapowapimia wao hupunguza. Kosa lake, basi, si kwamba hajui kipimo sahihi. Anakijua vizuri sana, na ushahidi ni kwamba anakidai kila siku kwa ajili yake mwenyewe. Nenda feri ya Mtwara asubuhi boti zinapoingia, utuangalie sisi wanunuzi wa dagaa. Kopo limejazwa, bei imekubaliwa, na bado mkono wenye mfuko haurudi; tunasimama na kusema, "Niongezee, mama," mpaka muuzaji achote kiganja kingine. Mnunuzi huyohuyo, mchana akiwa dukani kwake, hulifuta kopo la mchele kwa fimbo mpaka punje ya mwisho ya kilima ianguke.

Sisemi haya kuilaani nyongeza. Nyongeza ni desturi nzuri, na ina mizizi katika dini zote mbili. Mtume Muhammad alipita sokoni akamkuta mpimaji anapima kwa ujira, akamwamuru apime na azidishe. Injili ya Luka nayo, katika sura ya 6, inataja kipimo kilichojaa, kilichoshindiliwa na kusukwasukwa hata kumwagika, na mtu yeyote aliyewahi kumtazama muuza dagaa mkarimu akilitikisa kopo lake ili dagaa washuke, kisha akaongeza juu, anajua kwamba maneno hayo yaliandikwa na mtu aliyelijua soko. Tofauti ni ndogo lakini nzito. Nyongeza ni mali ya mwenye kutoa. Sisi tumeigeuza kuwa madai ya mwenye kupokea, halafu tukaona ajabu kwamba wauzaji wameanza kugonga makopo yao kwa ndani ili yapokee kidogo.

Katika Sura ya Hud kuna kisa cha watu wa Madyani, waliotumiwa Nabii Shuaib, na ujumbe wake mkubwa baada ya kumpwekesha Mungu ulikuwa watimize vipimo na mizani. Jibu lao limenikaa moyoni. Walimwuliza kama ni sala yake inayomwamuru kwamba wao waache walivyoabudu baba zao, au waache kuzifanyia mali zao wanavyotaka. Tazama mshangao ule: hawakuelewa sala inahusika vipi na kilo. Kwao mambo hayo mawili yalikuwa na milango miwili, na mtu alitoka katika mmoja ndipo akaingia katika wa pili. Nabii Amosi, kwa upande wake, aliwakemea wafanyabiashara wa Israeli waliokuwa wakiuliza mwezi mpya na sabato vitakwisha lini ili warudi kuuza nafaka, wapunguze efa, kipimo chao cha nafaka, na kuongeza shekeli, uzito wao wa kupimia fedha. Watu hao walikuwa wanaitunza sabato. Hawakufungua duka hata kidogo siku ya ibada. Walikaa ndani ya ibada, wakiwa wametulia, huku mioyo yao iko kwenye mizani ya uongo ikiwangoja. Mimi sidhani kwamba umbali kutoka Madyani au Samaria hadi Newala ni mkubwa sana katika jambo hili.

Hapa sina budi kuizungumzia kangomba, kwa sababu huku kwetu huwezi kuzungumzia kipimo na kuiruka. Kangomba ni ununuzi wa korosho nje ya utaratibu, ambapo mwenye fedha humfuata mkulima nyumbani na kununua kwa bei ya chini, mara nyingi kwa bakuli linalohesabiwa kuwa kilo moja ingawa korosho zinazoingia humo huzidi kilo. Mbaya zaidi ni ile inayofanyika miezi mingi kabla ya mavuno. Mvua inanyesha, ghala la chakula limebaki vumbi, ada inadaiwa, mtoto ana homa, na mnada uko mbali, mwezi wa kumi. Ndipo anapotokea jirani mwenye fedha. Humpa mkulima shilingi kidogo leo, naye mkulima huahidi gunia zima la baadaye. Mkorosho haujatoa hata ua, lakini korosho zake zimekwisha kuliwa.

Serikali imepambana na kangomba kwa muda mrefu. Mwaka 2018, wakulima walipoikataa bei ya minada, serikali iliamua kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likasimamia ukusanyaji, na uhakiki wa mashamba ukafanyika ili walipwe wakulima wenyewe na si walanguzi. Katika vijiji vingi siku hizo zilikuwa ngumu, maana mtu aliyenunua magunia ya wenzake alitakiwa aonyeshe mikorosho iliyoyazaa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa swali hilo kuulizwa waziwazi, gunia kwa gunia: shamba lake liko wapi?

Lakini nguvu za dola haziwezi kulimaliza jambo ambalo limefungamana na ujirani. Mwenye kangomba si mgeni kutoka mbali. Ni jirani, pengine ni mjomba au shemeji. Ndiye mwenye pikipiki ya kumpeleka mjamzito zahanati usiku, ndiye anayetoa gunia la mchele kwenye msiba. Mkulima anayepunjwa naye humpenda kwa dhati, na humtetea akikamatwa. Mwenye njaa hana miiko, na aliyesaidiwa siku ya njaa hawezi kumwita msaidizi wake mwizi siku ya mavuno, hata akijua kwamba msaada ule umemgharimu jasho la mwaka mzima. Ndiyo maana siwalaumu wakulima wanaouza hivyo. Namlaumu mwenye fedha, kwa kuwa dini yake haikumwacha gizani. Mtume alikataza kuuza matunda kabla ubora wake haujadhihirika, na wakati huohuo akaruhusu kulipa fedha mapema kwa mazao ya baadaye, kwa sharti kwamba kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Njia ya halali, basi, ipo. Mtu anayetaka kumsaidia jirani yake mwezi wa pili na kupokea korosho mwezi wa kumi anaweza kufanya hivyo kwa mizani ya kweli na bei isiyomnyonya, na Mungu asimshike kwa lolote. Anayechagua bakuli amechagua.

Wapo watakaoniambia kwamba matajiri wa kangomba hutoa sana, na ni kweli. Mabati ya misikiti mingi na saruji ya makanisa mengi, kuanzia Newala hadi Masasi, ambako Waanglikana wamekuwepo tangu 1876, vimetoka katika mifuko ya wafanyabiashara, na majina yao hutangazwa. Ukarimu wa namna hiyo ni wa zamani katika pwani yetu. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, ambayo leo iko Mkoa wa Lindi, mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa wingi wa utoaji wake. Anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha sultani siku ya Ijumaa baada ya sala, akamwomba nguo alizokuwa amezivaa. Sultani akaingia kwa khatibu, akabadili nguo, akampa. Watu wakamsifu mno. Mwanawe akamfuata fakiri, akazichukua nguo zile na kumpa watumwa kumi badala yake, na sultani aliposikia jinsi watu walivyoshukuru, akaamuru apewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kwa miaka mingi nilikisikia kisa hiki kikihubiriwa kama mfano wa ukarimu, nami naamini kwamba sultani yule alikuwa mkarimu na mnyenyekevu kweli, kwani Ibn Battuta mwenyewe anasema alikuwa akikaa na kula pamoja na mafakiri. Hata hivyo siwezi tena kukisoma bila kuwahesabu wale watumwa. Hao ni watu ishirini, na kila mmoja wao alikuwa na mama aliyemzaa, na katika kisa kizima hakuna aliyewauliza kitu. Nguo ilikuwa ya sultani; hiyo aliitoa kweli. Wale ishirini hawakuwa wake kwa namna ambayo ningependa kuitetea mbele ya Mungu. Kisa kinaendelea, kwamba baada ya kufa kwake alitawala nduguye Daud, ambaye mwombaji akija humwambia kwamba aliyekuwa akitoa amekufa, na hakuacha kitu cha kutolewa. Tumezoea kumcheka Daud kwa ubahili wake. Ninakubali kwamba alikuwa bahili, ila nadhani pia kwamba kati ya mkono unaotoa sana na mkono usiotoa kuna swali linalowapita wote wawili, nalo ni mali hiyo ilifikaje mkononi.

Swali hilo sisi tunalo katika desturi zetu, tena mahali pa heshima kubwa. Anapofariki Mwislamu huku kwetu, jeneza likiwa mbele na watu wakiwa wamejipanga, husimama msemaji wa familia akatangaza kwamba yeyote anayemdai marehemu awaone wafiwa, au amsamehe. Nimesimama katika safu hizo mara nyingi. Huwa ni tangazo fupi, na watu hujibu kwa sauti ya chini kwamba wamesamehe. Aliyemkopesha marehemu shilingi elfu hamsini anajijua, na atakwenda au atasamehe. Lakini yule aliyepunjwa gramu 800 hajijui. Amesimama palepale, safu ya tatu, amevua viatu, anasema amesamehe, na hajui amesamehe nini. Dawa ya deni ni kulipa, ndivyo tulivyofundishwa, na deni la kipimo lina ubaya huu wa pekee, kwamba mdai wake hajui kwamba anadai. Hivyo hatakuja kamwe kuwaona wafiwa. Mtume aliwauliza masahaba wake kama wanamjua aliyefilisika, akawaeleza kwamba ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na sala, saumu na zaka, huku amemtukana huyu na amekula mali ya yule, na mema yake yatagawiwa wadai mpaka yaishe. Katika mafundisho hayo, sala za mtu huyo zilikuwa za kweli. Zimehesabiwa kabisa kuwa ni zake, ndiyo maana zinaweza kuchukuliwa.

Nilimfahamu mzee mmoja, sasa ni marehemu, aliyekuwa amenunua kwa bakuli kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Alipotaka kwenda Hijja alianza kuzunguka vijijini kutaka radhi, kama ilivyo desturi, lakini yeye hakuridhika na radhi za jumla. Alibeba bakuli lenyewe. Akifika kwenye nyumba alilitoa, akalijaza mchanga mbele ya mwenye nyumba, akalipima kwa mizani ya kushika mkononi, akamwonyesha mshale ulivyoipita kilo, kisha akamwambia, "Hiki ndicho nilichokuwa nikikuchukulia." Halafu alimwuliza wanakubaliana kiasi gani. Wengi walisamehe, wengine walipokea fedha, wengine walitoa machozi kwa sababu hawakuwa wanajua. Kwa wale waliokwisha kufa aliwatafuta warithi, na kwa wale asiowakumbuka alitoa sadaka kwa niaba yao, kama wanavyoelekeza wanazuoni, akinuia kwamba thawabu ni za wenye mali na si zake.

Nyumba moja haikusamehe. Alikuwa mama wa rika lake, na mzee alimwambia, "Dada, nimekuja kutaka radhi na kulipa." Mama yule akamjibu kwamba fedha hataki na radhi hatoi. Akasema, "Kaka, mwaka ule uliponipimia kwa bakuli hili, nilikuwa nauza ili nimpeleke mwanangu hospitali ya Ndanda. Nauli ikapungua, tukachelewa siku mbili. Wewe nenda Makka. Mimi na wewe tutaonana mbele." Watu waliokuwepo walimsihi, wakamtajia fadhila za kusamehe, na wapo waliosema baadaye kwamba alikuwa na roho ngumu. Mzee hakusema hivyo. Aliwakataza waliokuwa wakimsihi, akasema kwamba haki ni yake na asilazimishwe. Nami nakubaliana naye kwa moyo wote. Tuna haraka mno ya kuwahubiria msamaha waliopunjwa, na tunachelewa mno kuwahubiria kipimo wanaopunja. Zakayo wa Injili ya Luka, mtoza ushuru, hakumwomba mtu amsamehe. Alisimama akasema kwamba kama amemnyang'anya mtu kitu kwa hila atamrudishia mara nne. Kurudisha kulianza, na habari za wokovu katika nyumba yake zikatajwa baada ya hapo.

Kwa hiyo ninawaomba mashehe na mapadri wetu, wachungaji na makatekista, jambo moja ambalo naamini linawezekana. Mahubiri juu ya mali ya dhuluma huku kwetu huja mwezi wa kwanza au wa pili, wakati fedha zimekwisha kulipwa, harusi zimekwisha kufanyika na magunia yako melini. Wakati huo msikilizaji hana cha kufanya isipokuwa kuhuzunika kidogo na kuongeza sadaka. Yahubiriwe mwezi wa tisa, korosho zikiwa zinadondoka na mizani bado haijafungwa ghalani. Isomwe Sura ya 83 siku ya Ijumaa, isomwe Amosi sura ya 8 siku ya Jumapili, na msomaji ataje kwa majina yake kilo, gramu, bakuli na uzito wa gunia tupu, ili asiwepo wa kudhani kwamba wanasemwa watu wa Madyani. Kisha kamati za vyama vya msingi zikubaliane, kabla ya kiroba cha kwanza kupimwa, kwamba gramu zitaandikwa zote, na kwamba ikitokea ziada siku ya kufunga hesabu, leja itafunguliwa na itagawiwa kwa majina, hata kama kila mtu atapata shilingi za kununulia kibiriti tu. Paa la madrasa linavuja kweli, nami nitachangia bati. Lakini liezekwe kwa fedha ambazo waliozitoa walijua kwamba wanatoa.